Mkia wa Picha ya Treni

Bi Bimkubwa alikuwa na bati la biskuti, lile kubwa la mraba la madukani, na ndani yake mlikuwa na picha za sinema za Kihindi thelathini na mbili. Katika hizo thelathini na mbili, hata moja haikuwa ile aliyokuwa akiitafuta.

Na ndivyo zilivyokusanyika. Majirani zake hapo Wete walidhani mama yule ana wazimu wa picha za kale. Hasha. Alikuwa akitafuta moja tu. Kila aliyoletewa akaiona siyo, aliitazama hivyo hivyo mpaka mwisho kwa adabu, kama mgeni aliyebisha hodi nyumba siyo na wewe ukamkaribisha chai. Kisha huishonea mfuko. Alikuwa mshonaji, na vipande vya nguo havikumwishia: picha za kilio alizivika kaniki, za harusi kitambaa cha maua, za ngumi na mapanga kitambaa cha mistari. Wenzake husema sidii. Yeye alisema sahani, kama walivyosema wazee wake zama za sahani za santuri. "Hebu nipe ile sahani ya maua," humwambia mgeni, na mgeni huyo keshashika njia ya jikoni.

Aliyekuwa akimletea ni mumewe, Mzee Himid, mtu mkimya ambaye maneno yake ya siku nzima ungeyatia ndani ya kijaluba na nafasi ikabaki. Kila akenda sokoni hupita kwa Hilari, kijana wa bara mwenye kibanda cha sidii karibu na wauza samaki.

"Shikamoo mzee. Leo tena?"

"Marahaba. Ile ya treni."

"Mzee wangu, za treni ziko nyingi. Jina lake nani?"

"Ya treni. Mwanamke anapanda, halafu anashuka."

"Mzee, wote wanapanda na wote wanashuka!"

Mzee Himid hanuni. Huchagua moja yenye treni juu ya karatasi, akaifunika kwa mfuko wa nailoni, akarudi nayo nyumbani kama anayerudi na mayai.

Jina la picha halikujulikana kwa sababu wanawake wa wakati ule hawakushika majina ya Kihindi. Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi, sinema ya Wete ikiwa bado ina viti na paa, na Jumapili saa nane kulikuwa na onesho la wanawake peke yao. Waliita picha kwa kitu kilichomo: ya Kisima, ya Nyoka, ya Pacha Wawili. Na picha zilikuwa ndefu. Ikigonga saa kumi na moja picha bado haijesha, na huku nje wanaume waliokuja kuwachukua wake na dada zao wameshaanza kukohoa mlangoni. Magharibi inakuja, taa hazijawashwa, watoto hawajaoshwa. Basi waliotoka mbali huinuka, wakajifunika, wakatoka kinyumenyume macho yakiwa bado ukutani. Mwisho wa picha waliuita mkia. Aliyekaa jirani na sinema ndiye aliyebaki mpaka mkia, na kesho yake hupita nyumba kwa nyumba akiwagawia wenzake.

Mgawaji wa Bi Bimkubwa alikuwa shoga yake, Kijakazi, ambaye kwao na sinema palitenganishwa na ukuta mmoja.

Mwatima, binti wa mwisho wa Bi Bimkubwa, aliijua picha ya treni kabla hajajua kusoma. Mamake alimhadithia kila alipougua, na mara nyingine hata alipokuwa mzima. Kulikuwa na mwanamke wa sari ya buluu. Mumewe mtu wa kimya. Siku moja mume akachukua bangili za mkewe, alizoachiwa na mama yake marehemu, akampa dada yake, bila ya kuuliza. Mke akanyamaza, akavunja kikombe, akatoka. Akaenda kupanda treni. Treni ikaondoka. Ikafika kituo cha pili ikasimama, mwanamke akashuka peku, akaifuata njia ya chuma kwa miguu mpaka nyumbani. Akamkuta mumewe kachuchumaa mbele ya mafiga akikoroga uji, moshi umemtoa machozi, mkono umeungua umefungwa kitambaa, na watoto wawili wanalamba mwiko. Mwanamume hakusema kitu. Alisogea tu, akampa nafasi motoni. Basi.

"Uji gani, mama?" Mwatima aliwahi kuuliza alipokuwa na miaka sita.

"Wa muhogo."

"Wahindi wanapika uji wa muhogo?"

"Wahindi hawana njaa?" mamake akamjibu, na mambo yakaisha hapo.

Sasa Mwatima alikuwa mama. Ameolewa Makoongwe, na kama ilivyo desturi amekuja kwa mamake kujifungua, akae arobaini yake hapo. Kila asubuhi alikandwa maji ya moto, akafungwa mkaja tumboni, akanyweshwa uji wa pilipili manga. Uji huo Mzee Himid hakuacha mtu mwengine aupike. Majirani walimcheka mpaka wakachoka, mwanamume kumpikia mzazi! Alikoroga kachuchumaa, kwa mkono ule wa kulia wenye kovu lake la siku nyingi, na kila siku uji ulishika chini ukanuka moto, na kila siku Mwatima aliumaliza.

Ilikuwa siku ya ishirini na tatu ya arobaini, Mzee Himid aliporudi sokoni akasimama mlangoni na mfuko wa nailoni. Hakuuweka juu ya meza kama kawaida yake. Alibaki nao mkononi.

"Hilari kanionesha kipande," alisema. "Mna mwanamke wa buluu. Kavunja kikombe."

Bi Bimkubwa alikuwa kwenye cherehani. Mguu ulisimama juu ya pedali.

"Kikombe cheupe?"

"Cheupe."

Siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri Bi Bimkubwa alikoga, akavaa kanga ambazo bado zilikuwa na gundi ya dukani, akajipaka na marashi kidogo, kama mtu anayekwenda sinema hasa. Akamtuma mtoto wa jirani amwite Bi Kijakazi. Mtoto akarudi na jibu: magoti yanamuuma, watazame tu, yeye keshaiona.

Mwatima alilisikia jibu hilo likamkaa moyoni. Picha thelathini na mbili Bi Kijakazi hakukosa hata moja. Ya mwezi uliopita alikuja anatetemeka homa. Leo ya treni yenyewe, magoti?

Sahani zilikuwa tatu ndani ya bahasha moja. Mwatima alimlaza mtoto mapajani, akatia ya kwanza kwenye deki. Picha ikaja, rangi zimepauka kama nguo iliyoanikwa mno, na kabla mwanamke wa buluu hajafungua mdomo ikasikika sauti ya mwanamume, nzito, ya Kiswahili cha bara.

"Basi huyu ndo Fausta wetu, kaamka zake asubuhi, hana hili wala lile..."

"Fausta ndo nani?" aliuliza Bi Bimkubwa.

"Ndiye huyo mwanamke, mama. Huyu ni mtu anayetafsiri, yuko Dar es Salaam huko. Kampa jina."

"Kampa jina kwa ruhusa ya nani? Mwenyewe ana jina lake!"

"Lipi?"

Bi Bimkubwa akafungua mdomo kulitaja. Akaufunga.

"Hapo sasa Fausta kamaindi vibaya sana," ilisema sauti.

"Anasemaje?"

"Anasema kakasirika."

"Namuona! Sina macho?"

Lakini mbali ya huyo mfasiri, picha ilikuwa ndiyo. Bi Bimkubwa aliitangulia kila mahali. "Sasa hivi mbuzi atapita." Mbuzi akapita. "Sasa wifi anakuja na sahani ya ladu." Wifi akaja. Miaka yote hiyo hakuiona ila mara moja, na hakukosea hata rangi ya pazia. Mwatima nywele zilimsimama. Huku mwenyewe hakujua aipokee vipi picha yenyewe. Mume na mke wanakaa nyumba moja, hawaulizani. Mwanamke anaimba kisimani nyimbo tatu nzima na mtoto analia ndani, hakuna anayekwenda kumtazama. Kwa nini asiseme tu, nipe bangili zangu? Siku hizi mtu angempigia simu wifi akamtolea maneno yake, mambo yakaisha kabla ya sahani ya pili. Aligeuka amwambie mamake hivyo, wacheke, akamkuta analia bila sauti, machozi yanashuka mpaka kwenye gundi ya kanga.

Sahani ya tatu ilianzia kituoni.

"Hapa," Bi Bimkubwa alinong'ona. "Hapa ndipo nilipoinuka. Kaka Bakar kaja kunichukua, keshakohoa mara tatu. Hapa."

Alisogeza kigoda mpaka karibu aguse kioo. Treni ikapiga king'ora. Mwanamke wa buluu akapanda, akakaa dirishani. Mumewe akatokea akikimbia, akapita watu, akapita mabunda ya mizigo, akafika ukingoni, akasimama ameshika nguzo. Treni ikaenda. Kituo cha pili kikaja, treni haikusimama. Ikaingia mashambani, ikawa ndogo, ikawa nukta, na nyimbo ikaanza, na juu ya nyimbo maandishi.

"Na hapo ndo ikawa baibai," ilisema ile sauti. "Fausta katokomea zake. Mpaka wakati mwingine..." Kioo kikawa buluu tupu.

"Geuza," alisema Bi Bimkubwa.

"Mama, imekwisha."

"Geuza upande wa pili."

"Hizi hazina upande wa pili, mama. Si santuri."

Bi Bimkubwa hakumsikiliza. Aliitoa mwenyewe sahani kwenye deki, akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa unang'aa tu, na ndani ya mng'ao huo alijiona uso wake.

Siku mbili zilizofuata nyumba ilivurugika. Sahani ya tatu ilitiwa, ikatolewa, ikafutwa kwa pembe ya kanga, ikatiwa tena. Labda imekatwa. Labda huyo mwanamume wa Dar es Salaam kaula mkia kwa domo lake. Mzee Himid alirudishwa sokoni, na Hilari akampa nakala nyengine isiyo na mfasiri, akala kiapo chake cha Kikristo kuwa picha imetimia. Ikatazamwa. Watu wakasema Kihindi chao kwa raha yao, hakuna Fausta, na treni ikaenda vile vile. Gauni la biharusi lilikaa juu ya cherehani na mkono mmoja.

Siku ya tatu, wakati akimkanda Mwatima kwa maji ya moto, Bi Bimkubwa alisema, "N'nataka kukwambia neno, na babako asilisikie."

"Nambie, mama."

"Mie nimewahi kumwacha babako."

Kitambaa cha moto kilikuwa mgongoni, Mwatima hakuweza kugeuka. Akasikiliza akiutazama ukuta.

"Tulikuwa tunakaa Gando wakati huo. Nilikuwa na cherehani nilopewa na mamangu, hii hii unayoiona. Nikaenda mazikoni siku tatu, narudi, haipo. Kampa dadake. Hakuniuliza, na nilipomuuliza hakunijibu. Nikatoka. Nduguzo wawili walibaki kwake, ndio kwao. Mie nikakaa miezi mitatu hapa Wete kwa kaka Bakar, na nikala yamini mbele ya watu: atakayenitajia jina la Himid, mie na yeye basi, awe nani. Wakaogopa wote. Nikapanga Jumatatu niende kwa kadhi nikadai talaka yangu. Jumapili yake ndo tukenda kuiona hii picha."

Maji yalimwagika ndani ya ndoo. Akakikamua kitambaa.

"Nilitoka pale anapopanda treni. Usiku kucha nikasema, kama yeye kaweza, hata mie naweza. Asubuhi nshavaa, niko mlangoni, Kijakazi anakuja na mkia. Kashuka, shoga, kituo cha pili. Kamkuta mumewe na uji, na mkono umeungua. Nikakaa pale pale kizingitini nikalia. Nikasema basi, kwa kadhi ntakwenda kesho, leo n'ende Gando nikatazame tu. Nikenda. Nafika, Mwatima, namkuta babako kachuchumaa mafigani. Anakoroga uji. Mkono kaufunga kitambaa. Nduguzo wanalamba mwiko. Wallahi vile vile kama nilivyoambiwa. Akanitazama, akasogea."

"Subhanallah," alisema Mwatima.

"Ndo nilivyosema mie. Nikasema picha imenitangulia nyumbani. Hii si amri ya mtu. Nikaingia, nikashika mwiko, na sikutoka tena mpaka leo. Kila aliponiudhi nilijikumbusha: Mungu alikuonesha mpaka kitambaa cha mkono. Sikurudi kwa Himid, mwanangu. Nilirudi kwa ile alama. Sasa mkia wenyewe haumo. Basi mie nilirudi kwa nini?"

Mwatima alihesabu kimya kimya. Picha ilikuwa mwaka ule. Yeye kazaliwa mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya karafuu. Alimtazama mwanawe kalala juu ya mto, ngumi zimekunjwa, hana habari. Kama treni ile ingekwenda vile inavyokwenda kwenye sahani, huyu asingekuwepo, na anayemtazama naye asingekuwepo. Alitaka kushukuru na hakujua amshukuru nani. Alitaka kumwonea mamake huruma, na huku ndani akaogopa: je, mamake anajuta? Neno hilo hakuthubutu kuliuliza.

Mchana Bi Bimkubwa alituma ujumbe mwengine. "Mwambie Kijakazi aje leo, au asije tena maisha."

Bi Kijakazi alikuja kabla ya alasiri, na magoti yake yalikuwa mazima kabisa.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwenye mkia."

Bi Kijakazi alivua viatu taratibu sana, kimoja, cha pili. "Masalkheri. Mwatima mama, mjukuu wangu hajambo? Ananyonya?"

"Hajambo, Bi Kijakazi, ana—"

"Usimuulize mtoto mchanga," alisema Bi Bimkubwa. "Kaa kitako. Siku ile ulibaki mpaka mwisho au hukubaki?"

"Nilibaki."

"Iliishaje?"

Bi Kijakazi aliitazama deki, akalitazama bati la biskuti, akatazama dari. "Si ushaiona, shoga? Ilivyoishia humo ndivyo ilivyoishia. Kenda zake. Hata shingo hakugeuza."

"Miaka ishirini na saba!"

"Miaka ishirini na saba naomba dua isipatikane. Ulipoanza huu wazimu wa sahani, basi kila nikimuona Himid kapita na mfuko wa nailoni, roho yangu inanipaa. Nakuja kutazama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ikiwa siyo, nasema alhamdulillahi. We ulidhani napenda picha? Mie picha nishazichoka tangu hazijaingia rangi!"

"Usinichekeshe. Sitaki kucheka." Na kweli uso wa Bi Bimkubwa ulikuwa mkavu. "Uji uliutoa wapi? Mwiko uliutoa wapi? Kitambaa cha mkono, mtu hukitunga tu kichwani, kisha mie nikikute Gando?"

"Sikukitunga."

"Basi?"

"Nilikiona. Ijumaa ile, siku mbili kabla ya picha, nilikwenda hitimani Gando. Nikapita njia ya uwani kwako. Nikamuona mumeo kachuchumaa, mkono keshaubabua kwa sufuria, kaufunga kitambaa cha kilemba chake. Anakoroga huku anapuliza moto, moshi wote machoni. Watoto wako wanasubiri mwiko kama vifaranga. Nilisimama pale nikalia, nikataka nije mbio nikwambie. Lakini ushakula yamini, shoga! Ningemtaja Himid, mie na wewe basi, na kwa kadhi ungekwenda vile vile. Jumapili tukenda sinema, usiku sikulala. Nikasema, hivi huyu mtu nimwambie vipi? Basi nikamtia ndani ya picha. Picha hukuilia yamini."

Nje kuku alikuwa akitangaza yai lake.

"Kwa hivyo ulinidanganya," alisema Bi Bimkubwa.

"Picha nilikudanganya. Mume sikukudanganya."

"Mie nikadhani ni Mungu."

"Sasa mie hitimani alinipeleka nani?"

"Usinigeuzie maneno, Kijakazi!"

"Sikugeuzii. Sijui hata mie. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nilikuwa naogopa tu."

Mwatima aliwatazama, mmoja kisha mwengine. Kila mmoja alipokuwa akisema, aliona ana haki. Mwengine akisema, haki ikahama. Kikamjia kitu cha kipuuzi kabisa, na mdomo ukakitoa kabla hajauzuia.

"Bi Kijakazi, na uji wa muhogo?"

"Ulikuwa wa muhogo kweli. Nikasahau kubadilisha." Bi Kijakazi alijipiga paja. "Nilipofika njiani nikakumbuka, yallah, nimempikia Muhindi muhogo! Nikasema sasa ndo nimefedheheka. Na huyu mamako, kwa akili zake zote, hakuuliza."

Mwatima akacheka, akashika mkaja kwa maumivu, na kicheko kikageuka kilio, na mtoto akaamka akalia naye. Ndipo alipoingia Mzee Himid na bakuli la uji, akasimama katikati ya kilio cha watu wawili na kimya cha wengine wawili.

"Baba Msellem," Bi Bimkubwa alimwita kwa jina la mwanawe mkubwa, kama siku zote. "Weka hilo bakuli. Siku ile niliporudi Gando, ulikuwa ukinisubiri?"

Mzee Himid alifikiri. "La."

"Ulikuwa ukifanya nini?"

"Napika."

"Ulijua ntarudi?"

"Sikujua." Akaliangalia bakuli, akaangalia mkono wake. "Watoto walikuwa na njaa."

"Ndo hivyo tu?"

"Ndo hivyo." Akamkabidhi Mwatima uji. Halafu, kwa mtu wa maneno ya kijaluba, akaongeza: "Cherehani nilishaifuata kwa dada Mwanawema. Asubuhi ile. Ilikuwa ndani."

Bi Bimkubwa alimtazama kama anayemuona mtu kwenye kioo kilichopauka. Cherehani aliikuta, ndiyo, aliikuta mahali pake siku ile ile. Alidhani wifi yake kairejesha kwa haya. Hakuuliza, na mumewe hakusema.

"Picha ndiyo?" aliuliza Mzee Himid.

"Ndiyo."

"Basi nisitafute tena?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, na Mwatima, ambaye alikuwa amekaa karibu naye, aliona kuwa swali hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Bi Bimkubwa hakumjibu. Bi Kijakazi alivaa viatu vyake, akasema haya jamani, tuonane, na hakuambiwa kwaheri wala hakuambiwa asirudi.

Siku zilizobaki zilipita hivyo. Bi Bimkubwa alimaliza mkono wa pili wa gauni. Sahani zile tatu zilikaa juu ya deki bila mfuko. Mara mbili Mwatima alimkuta mamake kakaa na kipande cha kaniki mkono mmoja na kitambaa cha maua mkono wa pili, anavipima, kisha anavirudisha vyote kapuni. Ijumaa Bi Kijakazi alikuja na sahani ya vitumbua. Vikaliwa. Hakuna aliyetaja treni. Lakini walipokuwa wanakula, Bi Bimkubwa alitia sahani ya tatu kwenye deki, akaiacha mpaka mwanamke wa buluu akapanda akakaa dirishani, akaizima kwa rimoti.

"Haya," alisema bila ya kugeuza uso. "Leta."

"Nilete nini?"

"Unajua."

Bi Kijakazi alimeza kitumbua. "Basi treni ikafika kituo cha pili," akaanza, polepole, kama anayejaribu maji kwa kidole, "ikasimama..."

Bi Bimkubwa alisikiliza mpaka kwenye mwiko. Hakulia, hakucheka. Aliposikia uji wa muhogo alisema tu, "Ulioungua," na Bi Kijakazi akasema, "Ulioungua, ndiyo," wakaendelea na vitumbua. Kama walisameheana, Mwatima hakuliona lilipopita. Kama hawakusameheana, mbona walikula sahani moja?

Siku ya arobaini Nassor, mume wa Mwatima, alifika kutoka Makoongwe kuchukua mkewe na mwanawe. Alisalimia wakwe kwa adabu zake zote, akabeba mabegi, na uani, wakati wakingoja mtoto avishwe kofia, akauliza kwa sauti ndogo:

"Ulinambia kwenye simu picha ya mama imepatikana. Iliishaje?"

Mwatima alifungua mdomo. Dirishani mamake alikuwa kainamia cherehani, uzi mweupe mdomoni. Na kwenye kona ya mtaa alikuwa anakuja Mzee Himid kutoka sokoni, taratibu, mfuko wa nailoni kaushika kwa mikono miwili. Bi Bimkubwa akanyanyua uso.

"Ya treni?" aliuliza kutoka ndani.

"Ya treni," alisema Mzee Himid. "Hilari anasema humu mmoja anashuka."

"Eti?" alisema Nassor. "Iliishaje?"

"Bado," Mwatima alimjibu, akamfunga mtoto kofia.